Maganzo: Mji Uliokua Nje ya Uzio
(Maelezo tuliyoyatoa mbele ya wakazi wa Maganzo, Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga)



Tumeombwa tuseme machache juu ya maendeleo ya Maganzo, nasi tumeona tuanze na historia yake, maana humo ndimo yalimo majibu ya maswali mengi ya leo.

Zamani eneo hili lilikuwa la wakulima na wafugaji Wasukuma. Mwaka 1940 Dk. John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui. Mwamba wenye almasi una eneo la hekta 146 hivi, nao ni miongoni mwa mikubwa kabisa duniani. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5. Alipewa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyekuwa akiolewa mwaka huo.

Ndani ya uzio wa Mwadui ulijengwa mji uliopangwa, wenye nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule na uwanja wa ndege. Nje ya uzio, kando ya barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, Maganzo ilijikuza yenyewe. Aliyekuja kutafuta kazi alipanga chumba hapa. Wakafuata mama lishe, mafundi, wenye maduka, wachimbaji wadogo na madalali wa almasi. Kule mpango ulitangulia watu. Huku watu walitangulia mpango.

Wenye mgodi wamebadilika mara nyingi. Williamson alifariki mwaka 1958, na mwaka huohuo mgodi ukanunuliwa na De Beers pamoja na serikali ya Tanganyika. Miaka ya 1970 ukawa mali ya taifa. Mwaka 1994 De Beers walirudi na asilimia 75 ya hisa, mwaka 2009 wakaingia Petra Diamonds, nao wakauza hisa zao mwaka 2025. Kila mara Maganzo ilisikia habari hizo ikiwa nje ya uzio.

Ndugu zetu, Aprili 2020 bei ya almasi ilianguka kwa sababu ya UVIKO-19, na uzalishaji ukasimama hadi mwaka 2021. Pasipo mishahara, mama lishe atampikia nani, na mwenye nyumba atampangisha nani? Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi ulipasuka, tope likafunika mashamba na nyumba za majirani. Hayo mawili yatufundishe kwamba mji unaotegemea shimo moja hauna uhakika wa kesho.

Huko Namibia upo mji uitwao Kolmanskop. Almasi iligunduliwa hapo mwaka 1908, zikajengwa nyumba nzuri na hospitali. Almasi zilipopungua watu wakahama, na kufikia mwaka 1956 mji ukabaki mtupu. Leo mchanga umejaa vyumbani. Lakini Kimberley, Afrika Kusini, shimo lake kubwa lilifungwa mwaka 1914 na mji upo hadi leo, ukiwa makao makuu ya jimbo, kwa kuwa ulikuwa na reli, shule na biashara nyingine.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, viwanja vipimwe na kila familia ipate hati, mkikumbuka kutenga maeneo ya shule, soko na barabara. Hati hubaki hata mgodi ukifungwa. Pili, mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanautaka mgodi uandae kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Mwulizeni diwani wenu mpango wa mwaka huu una nini kwa ajili ya Maganzo, na uliopita ulitekelezwa kiasi gani. Tatu, mashimo yaliyoachwa yafukiwe na miti ipandwe. Mkoa wetu unaweza: tangu mwaka 1986, kupitia mradi wa HASHI, wananchi walirudisha ngitili na ardhi iliyokuwa jangwa ikaota majani.

Mkutano wenu ujao wa hadhara uanze na suala la viwanja. Sisi tuko tayari kukaa nanyi na kuandika maombi hayo kwa halmashauri.