HASIKII, HASIKILIZI AU HATII?

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ndugu zangu vijana, baba zangu na mama zangu wa Kitengela na Kajiado, kila Ramadhan tunakumbushana kuuchunga ulimi tusisengenye. Leo naomba tuuchunge pia kwa upande mwingine: maneno tunayowabandika watu kuhusu masikio yao na akili zao. Neno moja humfikisha mtoto kwa daktari, jingine humfikisha kwenye kiboko.

Tuanze na kusikia. Kiswahili chetu kimelitwika neno hili mzigo mkubwa. Tunasikia adhana, tunasikia njaa, tunasikia baridi, hata harufu ya sambusa tunaisikia! Halafu mtoto mtundu naye tunasema "hasikii". Hebu tutenganishe. Kusikia ni kazi ya sikio. Kusikiliza ni kuielekeza akili kwenye kile unachokisikia. Kuelewa kunataka ujue lugha. Kutii ni uamuzi. Hayo ni mambo manne, na kila moja lina dawa yake.

Hapa kwetu nyumba moja inazungumza Kimaasai, ya pili Kikamba, ya tatu Kisomali, na ustadh wa madrasa anasomesha kwa Kiswahili. Mtoto anayekaa kimya huenda anasikia vizuri, ila haelewi. Mwingine anatazama mdomo wako kabla ya kujibu, anaongeza sauti ya televisheni, au sikio linatoa usaha. Huyo si mkaidi, jamani. Apelekwe akapimwe. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na sababu zinazoweza kuzuiwa, yakiwemo maambukizi ya sikio.

Na aliye kiziwi tusimwite bubu. Lugha anayo: Lugha ya Ishara ya Kenya, iliyotajwa katika kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010. Kifungu cha 54 nacho kinampa mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha.

Sasa tuje kwenye akili. Kijana akisema anasikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, mtaa mzima unapitisha hukumu: "Ana majini", au "Amekuwa kichaa". Kuwepo kwa majini ni katika imani yetu, lakini si kila sauti ni jini. Hali hiyo Kiswahili kinaiita maruweruwe, na mara nyingi ni dalili ya ugonjwa unaotibika. Kadhalika wasiwasi. Kuwa na wasiwasi siku ya mtihani ni jambo la kawaida. Lakini anayerudia udhu mara kumi huku analia, na hawezi kujizuia, huyo huenda ni mgonjwa. Huzuni nayo hupita. Ikikaa wiki mbili na zaidi, usingizi na hamu ya chakula vikapotea, ndugu zetu wa Tanzania huiita sonona. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba imani yake ni ndogo ni kumwongezea jeraha.

Jambo hili si geni katika Uislamu. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi, akaeleza kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, na zote mbili zinahitaji tiba. Kwa hivyo dua na dawa hazigombani. Msomee mgonjwa Qur'ani, kisha mshike mkono umpeleke hospitali.

La mwisho, na hili ni muhimu mwezi huu. Anayetumia dawa za akili asiziache ghafla kwa ajili ya saumu. Azungumze na daktari wake kabla ya kufunga, na daktari akimkataza, basi mgonjwa ana ruhusa ya sheria kutofunga. Nasi tukimwona anakula mchana, tusimnyooshee kidole.

Baada ya kufuturu leo, kila mzazi amtazame yule mtoto anayemwita "hasikii", amwulize kwa upole: ni sikio, ni lugha, au ni moyo uliolemewa? Kisha anyamaze, amsikilize.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.