Andika Tarehe kwenye Pakiti ya Sukari: Mazoea Madogo ya Kulinda Afya Nyumbani

Mazungumzo kwa wakazi, yaliyotayarishwa kwa mabaraza ya mitaa na vijiji



Mwezi Desemba 2018, Serikali ya Kitaifa ilipoanza majaribio ya mpango wa Afya kwa Wote, kaunti nne zilichaguliwa: Kisumu, Machakos, Isiolo na Nyeri. Kila kaunti iliteuliwa kwa sababu yake. Nyeri iliingizwa kwa sababu ya mzigo wa magonjwa yasiyoambukiza, hasa kisukari na shinikizo la damu. Hapa ndipo penye maziwa, viazi, maharagwe, kabeji na mvua. Mtu anaweza kuuliza: inakuwaje watu walio karibu hivi na chakula kizuri waugue magonjwa yanayotokana kwa sehemu kubwa na ulaji?

Sehemu ya jibu ilitolewa zamani na mtu wa hapa hapa. Marehemu Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe huko Tetu, alieleza kwamba katika miaka ya 1970 akina mama wa eneo hili walikuwa na watoto wenye utapiamlo ingawa mashamba yalikuwa ya kijani. Ardhi iliyokuwa ikitoa viazi vitamu, maharagwe na mboga ilikuwa imepandwa kahawa na majani chai. Kuni nazo zilikuwa zimepungua. Mama asiye na kuni za kutosha hawezi kuchemsha githeri kwa saa tatu. Hununua mkate mweupe, mchele na unga uliokobolewa, kwa kuwa huiva haraka. Shida hiyo ya kuni na chakula ni mojawapo ya sababu zilizozaa Vuguvugu la Green Belt mwaka 1977.

Leo kuni zimekuwa gesi na makaa, na bei yake kila mtu anaijua. Lakini mazoea yale yamebaki: asubuhi chai ya sukari na mkate, mchana chipsi au wali mtupu, jioni ugali mkubwa na mboga kidogo pembeni. Mboga bora hupakiwa kwenye gunia kwenda soko la Karatina, na kutoka hapo kwenda Nairobi. Nyumbani hubaki kilichokosa mnunuzi.

Haya si magonjwa ya matajiri wala ya watu wa mjini tu. Baba wa familia akipatwa na kiharusi, mke huacha kazi ya shamba ili amuuguze. Figo zikishindwa kufanya kazi, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine, mara nyingi siku mbili kila wiki, na nauli ni juu ya familia. Wengi hapa wanamjua jirani aliyeuza ng'ombe, kisha akauza kipande cha shamba. Kinga ni bora kuliko tiba, na pia ni ya bei nafuu kuliko tiba. Yafuatayo ni mazoea ambayo nyumba yoyote inaweza kuyaanza bila kununua kitu kipya.

La kwanza: andika tarehe kwenye pakiti

Baridi ya Nyeri inajulikana, hasa Julai. Chai ni rafiki wa kila mtu, na hakuna anayesema chai iachwe. Tatizo ni kijiko. Anayekunywa vikombe vitano kwa siku na kutia vijiko vitatu katika kila kimoja amekula vijiko 15 vya sukari kabla ya kugusa mandazi wala soda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe vijiko vidogo 12 hivi kwa siku, yaani gramu 50, na linasema ni bora zaidi akiishia vijiko sita. Soda ya nusu lita peke yake huweza kuwa na vijiko 12 au zaidi.

Watu wengi hawahesabu vijiko. Kuna njia rahisi zaidi. Siku pakiti ya sukari inapofunguliwa, mtu achukue kalamu aandike tarehe juu yake. Kwa nyumba ya watu watano, pakiti ya kilo mbili ikiisha ndani ya siku nane, nyumba hiyo tayari imefika kikomo cha juu, bila kuhesabu sukari iliyo katika soda, keki na biskuti. Ikidumu siku 16 au zaidi, nyumba inaelekea pazuri. Familia ilinganishe pakiti ya mwezi huu na ya mwezi ujao. Ulimi huzoea. Anayepunguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili hatalalamika sana, na baada ya miezi mitatu ataiona chai ya zamani kuwa tamu kupita kiasi.

Chumvi nayo ifanyiwe vivyo hivyo. Kikomo ni gramu tano kwa mtu kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo, kwa vyakula vyote vya siku nzima. Kwa nyumba ya watu watano, pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 20. Watoto wanahitaji pungufu ya hapo. Ikumbukwe pia kwamba viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi, soseji, smoki na krispi vina chumvi ndani yake. Anayetia viungo hivyo kwenye sufuria apunguze chumvi. Kitunguu, nyanya, dania, tangawizi na ndimu huupa mchuzi ladha bila kupandisha shinikizo la damu. Na kidau cha chumvi kiondoke mezani, kwa kuwa mkono hukifikia hata kabla ya chakula kuonjwa.

La pili: gawanya sahani

Sahani ya mtu mzima igawanywe kwa macho. Nusu iwe mboga: sukuma wiki, kabeji, mchicha, managu, majani ya maboga au thabai. Robo iwe maharagwe, njahi, ndengu, minji, yai, samaki au nyama. Robo iliyobaki iwe ugali, wali, chapati, viazi au nduma. Katika nyumba nyingi mpangilio huwa kinyume: ugali hujaza sahani na mboga huwa kama kachumbari ya kando. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba Wakenya watu wazima 94 kati ya kila 100 hawakuwa wakila matunda na mboga za kutosha.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Imeenea kwamba nduma na viazi vitamu ni chakula cha mwenye kisukari, kwa hiyo ale apendavyo. Ni kweli kwamba vyakula hivi ni bora kuliko mkate mweupe, lakini bado ni wanga, na wanga ukizidi hupandisha sukari mwilini. Vipande viwili vya nduma pamoja na yai na mboga ni kiamsha kinywa kizuri. Sinia ya nduma na kikombe cha chai ya sukari si dawa. Ndivyo ilivyo kwa ugali wa unga wa kusagwa bila kukobolewa na kwa ugali wa wimbi: aina ni nzuri, lakini kipimo hakibadiliki.

Mukimo na githeri visionewe haya. Githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi, karoti na mboga za majani ndani yake, na mafuta ya kijiko kimoja, ni mlo kamili. Kinachoiharibu ni mafuta ya kumimina na chumvi ya kurudia.

La tatu: loweka jioni

Anayesema githeri inamaliza gesi anasema kweli. Kwa hiyo maharagwe na mahindi makavu yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe asubuhi, kisha yapikwe kwa maji mapya. Muda wa kuchemsha hupungua sana. Mama au baba anaweza kuchemsha sufuria kubwa Jumapili, na nyumba yenye friji ikagawa chakula hicho cha siku mbili tatu. Isiyo na friji ichemshe kidogo kidogo, kwa kuwa chakula kilicholala jikoni kwenye joto huharibika.

Kuna pia kikapu cha kuivishia. Maharagwe yaliyolowekwa huchemshwa kwa nguvu robo saa hivi, kisha sufuria ikiwa na mfuniko huwekwa ndani ya kikapu kilichojazwa vitambaa au mito, na kufunikwa vizuri. Joto lililomo huendelea kupika wakati mwenye nyumba yuko shambani. Akirudi huyachemsha tena kidogo kabla ya kuyaunga. Vikundi vya akina mama vinaweza kufundishana kutengeneza kikapu hicho kwa nguo kuukuu.

La nne: mboga ya nyumbani kwanza

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Karatina ilikuwa na kiwanda cha kukausha mboga za kulisha wanajeshi, na wakulima wa huku ndio walioviuzia mboga viwanda hivyo vya vita. Tangu zamani, basi, shamba la Nyeri limelisha watu wa mbali. Si vibaya kuuza. Fedha za mboga husomesha watoto. Lakini mkulima atenge mistari michache ambayo haiuzwi: mmoja wa sukuma wiki, mmoja wa mchicha na managu, na shina moja la boga kando ya ua. Aliye kwenye ploti mjini Nyeri, Nanyuki au Kerugoya anaweza kutumia gunia lenye udongo lililotobolewa pembeni. Mboga hutoka humo kwa miezi kadhaa, na maji ya kuoshea mboga yanatosha kuinyweshea.

Parachichi, ndizi na matomoko ya msimu yaliwe badala ya mandazi ya saa nne. Mtoto anayepewa tunda la kubeba shuleni hana sababu ya kutamani krispi sana.

La tano: tembea, lala, na usiwe wa mwisho kula

Anayechuma majani chai kutwa nzima au kulima kwa jembe amefanya mazoezi. Lakini mwenye duka, mwendeshaji wa bodaboda, karani, dereva wa matatu na mwalimu mstaafu hukaa. Mtu mzima anahitaji dakika 150 za kutembea kwa kasi kila wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kushuka matatu kituo kimoja kabla ya nyumbani, na kupanda kilima kilichobaki kwa miguu, kunatosha, maana vilima hapa havijawahi kupungua.

Usingizi wa saa saba hadi nane si uvivu. Asiyelala vizuri huamka na njaa ya vitu vitamu, na shinikizo lake la damu huathirika. Pombe na sigara navyo hupandisha hatari ya kiharusi.

Kwa akina mama liko neno la pekee. Katika nyumba nyingi mama hupakulia wote, kisha hula masazo akiwa amesimama: ugali uliobaki na mchuzi bila mboga. Huyu ndiye anayeamka kwanza na kulala mwisho. Baba na watoto wahakikishe sahani ya mama imepakuliwa pamoja na zao, na ameketi.

La sita: pima kabla hujaugua

Shinikizo la damu halina dalili kwa watu wengi. Halisubiri kichwa kiume. Utafiti ule wa 2015 uligundua kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini alikuwa na shinikizo la juu, lakini zaidi ya nusu ya watu wazima, asilimia 56, hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Kwa upande wa sukari, asilimia 88 hawakuwa wamewahi kupimwa.

Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii kote nchini walianza kupewa mikoba yenye vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Mhamasishaji akibisha hodi, afunguliwe. Asiyefikiwa aende kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wanaume waliofika miaka 40 ndio wanaosihiwa zaidi, kwa sababu wengi hufika hospitalini wakiwa wamebebwa. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine na kubaki hivyo, kinahitaji mhudumu wa afya. Kadhalika sukari ya 7.0 au zaidi kabla ya kula.

Aliyeandikiwa dawa aendelee nazo.  Kujisikia vizuri si ruhusa ya kuiacha dawa. Chakula bora hakichukui nafasi ya dawa, bali huisaidia. Anayetaka kupunguziwa dozi amwone daktari, asijipunguzie mwenyewe. Na mwenye kisukari akague nyayo zake kila usiku kabla ya kulala, kwa kuwa kidonda kidogo kisichouma kinaweza kuishia kukatwa mguu.

Ndugu wakazi, haya ni mambo sita, na hakuna anayetakiwa kuyaanza yote kesho asubuhi. Haba na haba hujaza kibaba. Kila nyumba ichague moja wiki hii. Aliyeshindwa kuchagua aanze na lililo jepesi kuliko yote: akifika nyumbani leo atafute kalamu, aandike tarehe kwenye pakiti ya sukari na ya chumvi, na awaonyeshe watoto. Watakaomkumbusha ni wao.