Mbwa Aliyebaki

Mbwa wawili wakiishi boma moja na mmoja akafa, aliyebaki huumia, nasi aghalabu humpita tu. Mwaka 2022, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Milano, Italia, walichapisha majibu ya wafugaji 426 waliopitia hali hiyo. Asilimia 86 walisema mbwa aliyebaki alibadilika. Wengi wao walimwona akiwaganda zaidi, akipunguza michezo. Takriban theluthi walisema alikula kidogo. Na lililonigusa zaidi: muda mbwa hao wawili walioishi pamoja haukuwa na uzito. Uzito ulikuwa kwenye urafiki wao, na hata kwenye huzuni ya mwenye mbwa mwenyewe.

Basi tusimwache peke yake getini. Chakula kije saa ileile, matembezi yasikatwe, na jioni mtu akae naye kidogo. Kukimbilia kuleta mbwa mwingine mara moja, kwa maoni yangu, ni kumwongezea mzigo.

Akisusa chakula siku nzima, aonwe na daktari wa mifugo. Kama mwenzake aliuawa na ugonjwa wa kuambukiza, kama parvo, huenda naye anaumwa.