Matangazo Mubashara ya Baraza: Picha Isafiri Vipi Hadi Kijijini



Mikutano ya Baraza la Madiwani ni ya wazi. Mwananchi yeyote ana ruhusa ya kuingia ukumbini, kuketi na kusikiliza. Hata hivyo, uwazi wa mlango haufupishi barabara. Mkulima ambaye kijiji chake kiko mbali na makao makuu ya wilaya hulazimika kutafuta nauli na kuiacha kazi ya siku nzima ili asikie bajeti ya zahanati yake ikijadiliwa. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Matangazo mubashara yanakusudiwa kumfanya mwananchi huyo awepo, angalau kwa macho na masikio, na hivyo kuipa uhai Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, inayompa raia haki ya kuarifiwa mambo yenye uzito kwa maisha yake na kwa jamii.

Kununua kamera ni sehemu nyepesi ya kazi hiyo. Sehemu nzito ni safari ya picha: inatoka katika mtandao wa ukumbi, inapita katika mitandao ya watoa huduma, na inaingia katika simu ya mkononi, huku ikigeuzwa umbo njiani. Maamuzi yanayofanywa katika kila kituo cha safari hiyo huonekana kuwa ya kifundi tu, lakini kwa hakika ni maamuzi ya nani ahudumiwe na nani aachwe. Hoja ya mada hii ni moja: huduma ya matangazo mubashara ipimwe kwa simu ya mwananchi mwenye bando dogo kuliko wote, wala isipimwe kwa skrini kubwa iliyo ofisini.

Uzito wa picha

Picha ya video yenye nukta 1280 kwa upana na 720 kwa kimo, ikionyeshwa mara 25 kwa sekunde, ina uzito wa megabiti 276 hivi kwa kila sekunde kabla haijabanwa. Hakuna simu kijijini inayoweza kupokea mzigo huo. Ndiyo maana ukumbini huwekwa enkoda, yaani kifaa au programu inayoibana video. Kwa kiwango cha H.264, kilichoidhinishwa mwaka 2003 na kinachotumika mpaka leo katika simu karibu zote, mzigo huo hushuka hadi megabiti 2 kwa sekunde, na picha bado ikatazamika vizuri.

Siri ya kubana ni kutorudia kisichobadilika. Enkoda hutuma picha moja kamili, kisha kwa muda hutuma tofauti tu. Ukuta ulio nyuma ya kiti cha Mwenyekiti hausogei, kwa hiyo hautumwi upya. Mkono wa Diwani anayezungumza unasogea, kwa hiyo hutumwa. Baada ya sekunde chache hutumwa tena picha kamili. Faida yake ni kubwa, lakini ina masharti: kipande kidogo kikipotea njiani, doa litabaki kwenye skrini mpaka picha kamili inayofuata ifike.

Gunia, debe na unga

Kifaa cha ukumbini na simu ya mwananchi mara nyingi hazitumii utaratibu mmoja. Enkoda nyingi bado hutuma video kwa itifaki ya RTMP, iliyozaliwa pamoja na programu ya Flash. Flash yenyewe ilisitishwa mwishoni mwa mwaka 2020, na simu za leo haziipokei RTMP moja kwa moja. Simu hupokea zaidi HLS, utaratibu ulioletwa na kampuni ya Apple mwaka 2009, ambao huikata video katika vipande vya sekunde chache na kuvipeleka kama kurasa za kawaida za intaneti. Kwa sababu hiyo, lazima pawepo seva katikati, inayopokea kwa utaratibu mmoja na kutoa kwa mwingine.

Ugeuzaji huo uko wa namna mbili, na ni muhimu kuzitofautisha, kwa kuwa gharama zake hazilingani. Namna ya kwanza ni kama kuhamisha mahindi kutoka kwenye gunia kwenda kwenye debe: chombo kimebadilika, mahindi ni yaleyale. Seva hufanya kazi hii kwa nguvu ndogo, na ubora wa picha haupungui hata chembe. Namna ya pili ni kama kusaga. Video hufunguliwa yote, kisha hubanwa upya kwa ukubwa mwingine. Kazi hii huhitaji seva yenye nguvu, na haina marejeo, kwani unga haurudi kuwa mahindi.

Kutokana na hayo, inafaa kuzingatia kanuni mbili. Kwanza, asilipwe mtu gharama ya kusaga pale ambapo kuhamisha chombo kunatosha. Pili, kila nakala ndogo itengenezwe kutoka kwenye nakala bora ya awali, wala si kutoka kwenye nakala iliyokwisha kubanwa mara mbili au tatu. Nakala hiyo ya awali ndiyo pia ihifadhiwe kama kumbukumbu ya Baraza. Kwa megabiti 3 kwa sekunde, saa moja ya kikao huchukua nafasi ya gigabaiti 1.35 tu.

Nakala moja itoke ukumbini

Watazamaji 100 wakiunganishwa moja kwa moja na kompyuta ya ukumbini, kila mmoja akivuta megabiti 2, ofisi itahitaji uwezo wa kupakia wa megabiti 200 kwa sekunde. Katika ofisi nyingi uwezo wa kupakia ni mdogo kuliko wa kupakua, na laini hiyohiyo hutumiwa na mifumo ya malipo na ya mapato. Njia sahihi ni ukumbi kutuma nakala moja tu kwenye seva ya usambazaji iliyo nje, na seva hiyo ndiyo izae nakala za watazamaji, wawe 100 au 10,000.

Ndani ya jengo ipo njia nyingine. Iwapo skrini kadhaa zinapaswa kuonyesha kikao kwa wakati mmoja, video inaweza kutumwa kwa kundi: chanzo hutoa nakala moja, na swichi za mtandao huizidisha pale tu inapohitajika. Anwani kuanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255 zimetengwa kwa ajili hiyo. Lakini swichi isipopangwa vizuri humwaga video hiyo kwenye kila waya, na mhasibu aliye ghorofa ya pili atashangaa mfumo wake wa malipo umekuwa mzito. Vilevile, intaneti ya umma kwa kawaida haipitishi matangazo ya kundi. Mpakani mwa mtandao wa ofisi panahitajika lango linaloyapokea na kuyageuza kuwa mkondo wa kawaida, wa mtumaji mmoja kwa mpokeaji mmoja.

Njia ya mzunguko

Seva ya usambazaji iwe wapi? Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Ikiwa Ulaya, kikao kinachofanyika wilayani husafiri chini ya bahari hadi huko, kisha hurudi kwa njia hiyohiyo ili kumfikia mtazamaji aliye kata ya jirani. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, mkondo uliopitishwa ng'ambo hukwama, ingawa ukumbi na mwananchi wako katika wilaya moja.

Dawa yake si ngeni. Dar es Salaam imekuwa na kituo cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti, TIX, tangu mwaka 2004. Hapo mitandao ya watoa huduma wa ndani hukutana na kupeana data bila kuipeleka nje ya nchi. Seva iliyounganishwa na kituo hicho huufanya mkondo upite katika mkongo wa nchi kavu kutoka wilayani hadi Dar es Salaam na kurudi, bila kugusa bahari.

Pakiti zikipotea

Video husafiri ikiwa imegawanywa katika pakiti ndogo, na baadhi hupotea, hasa pale ukumbi unapotegemea mtandao wa simu. Itifaki ya TCP hudai kila pakiti iliyopotea itumwe tena, na zote zinazofuata hungoja. Laini ikiyumba, picha huganda. Itifaki ya UDP hutuma bila kugeuka nyuma. Picha haigandi, bali huchafuka. Itifaki ya SRT, ambayo kampuni ya Haivision ya Canada iliifungua kwa watumiaji wote mwaka 2017, imeshika njia ya kati. Huomba pakiti iliyopotea itumwe tena, lakini kwa muda uliowekwa tu. Muda ukipita, husonga mbele.

Muda huo huwekwa na fundi, na mwongozo wa kawaida ni takriban mara 4 ya muda ambao pakiti hutumia kwenda na kurudi. Hapa ukaribu wa seva huonyesha faida nyingine: njia ikiwa fupi, pakiti iliyopotea hurudishwa upesi, na laini dhaifu ya wilayani husameheka zaidi.

Ngazi ya chini kabisa

Mwisho wa safari ni mfuko wa mwananchi. Mkondo wa megabiti 2 kwa sekunde hula megabaiti 900 kwa saa. Kikao cha saa 4 kitameza gigabaiti 3.6, na wananchi wengi hununua bando dogo la siku au la wiki. Mkondo wa kilobiti 400, wenye picha ya nukta 640 kwa 360, hula megabaiti 180 kwa saa, yaani 720 kwa kikao chote. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64, hula megabaiti 29 hivi kwa saa, na kikao kizima hakifiki 120.

Kwa hiyo seva itengeneze ngazi tatu: picha kubwa, picha ndogo na sauti tupu. Simu inaweza kupanda na kushuka ngazi hizo yenyewe kadiri mtandao unavyobadilika, mradi picha kamili zipangwe kuanza kwa wakati mmoja katika ngazi zote za video. Lakini simu huchagua kwa kutazama kasi tu. Haijui kilichobaki katika bando. Ni lazima mwananchi apewe kitufe cha kuchagua sauti tupu, nacho kiwe mahali pa kuonekana.

Ngazi ya sauti ina mpokeaji mwingine pia: redio ya jamii. Ikipewa mkondo huohuo, kikao humfikia hata asiye na simu janja, bila kununua bando. Kwa upande wa picha ndogo, asisahauliwe kiziwi. Dirisha la mkalimani wa lugha ya alama likichukua sehemu moja ya nane ya upana wa skrini, katika ngazi ya nukta 640 litabaki na nukta 80 tu, na vidole vyake havitasomeka. Dirisha hilo lipimwe kwa picha ndogo kabla kikao hakijaanza.

Ipo pia hali moja inayowahusu moja kwa moja wenye kuongoza vikao. Kwa HLS ya kawaida, yenye vipande vya sekunde 6, simu huanza kuonyesha ikiwa nyuma kwa vipande 3, yaani sekunde 18 au zaidi. Mwenyekiti akiuliza kama kuna swali kutoka vijijini, kisha akafunga hoja baada ya sekunde 10, mwananchi aliye mbali hajasikia hata kwamba ameulizwa. Ucheleweshaji huu unaweza kupunguzwa, lakini kwa gharama ya uthabiti kwenye laini dhaifu. Suluhisho la bei nafuu ni subira ya nusu dakika, pamoja na namba ya simu ya kupokea maswali.

Waheshimiwa, Halmashauri itakapoletewa zabuni ya matangazo mubashara, mzabuni aulizwe mambo matano. Seva ya usambazaji iko wapi, na inakutana na mitandao ya ndani mahali gani? Ni nakala ngapi zinatoka ukumbini? Laini ikiyumba, pakiti zilizopotea zinarudishwa vipi? Ngazi ya chini kabisa ni ipi, na inamgharimu mwananchi megabaiti ngapi kwa saa? Na je, majaribio yatafanyika kijijini, kwa simu ya kawaida, kabla ya malipo ya mwisho?

Mzabuni atakayejibu swali la mwisho kwa kuonyesha skrini safi ya ofisini atakuwa hajalijibu. Jibu liko kwenye kijiji chenye mtandao hafifu kuliko vyote wilayani, mikononi mwa mtu aliyesikia zahanati yake ikitajwa, akaelewa fedha yake imepangiwa nini, na bado akabakiwa na bando la kumpigia Diwani wake.