Mikwaruzo katika Rangi ya Gari la Chama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Nyakato, Mwanza)



Gari la chama linapopelekwa mnadani hupimwa kwanza kwa macho. Mnunuzi hulizunguka, huinama akatazama milango juani, na akiona rangi imejaa alama za mviringo mfano wa utando wa buibui, hushusha bei kabla hajafungua boneti. Hasara hiyo ni ya wanachama wote. Lakini ipo hasara nyingine kubwa zaidi: halmashauri kupitisha fedha za kupiga rangi gari zima, ilhali kazi yenyewe ingalimalizwa na dereva uani kwa siku moja.

Alama hizo si uchafu. Juu ya bati la magari ya siku hizi kuna rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na mwisho vanishi ing'aayo ambayo mafundi huiita klia, yenye unene wa takriban sehemu ya 20 ya milimita moja. Alama za mviringo ni mikwaruzo iliyochimbwa ndani ya klia, na mchimbaji mara nyingi ni yule yule aoshaye gari. Mwanza imekaa juu ya mawe ya matale, na mchanga utokanao na mawe hayo una chembe ngumu ziwezazo kukwaruza hata kioo. Gari lenye vumbi likifutwa kavu kwa tambara, au likisuguliwa kwa dodoki, chembe hizo hufanya kazi ya msasa. Hata wale wadudu wadogo wa ziwani, wakigandia mbele ya gari, hukwanguliwa kwa nguvu badala ya kulowekwa kwanza.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, katibu na apitishe ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha usiponasa, mkwaruzo ni wa klia tu nao huondoka. Ukinasa kidogo, utapungua bila kwisha. Bati likionekana, kusugua hakufai kitu: pasafishwe kutu, papakwe rangi ya msingi na rangi ya gari upesi, maana kutu hutambaa chini ya rangi nzima.

Kwa mikwaruzo ya klia, gari lioshwe kivulini, bodi ikiwa imepoa, kwa maji mengi na sabuni ya magari. Ziwe ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Gari lisipelekwe ziwani. Mafuta na matope yake ndiyo maji ya kunywa ya mtu mwingine. Likikauka, ichukuliwe dawa ya kusugulia, iitwayo kompaundi madukani, ile laini kwanza, ijaribiwe mahali pasipoonekana. Dereva asugue sehemu ndogo, upana wa gazeti lililofunguliwa, kwa kitambaa safi kisicho na mshono, bila kukandamiza. Kitambaa kikianguka chini kisirudi kwenye gari. Baadaye hupakwa nta, ambayo hulinda rangi lakini haiondoi mkwaruzo.

Katika malori ya zamani yasiyo na klia, kitambaa kitachukua rangi ya gari. Hiyo ni kawaida, ila mkono uwe mwepesi zaidi.

Wako madereva wapakao mafuta ya taa ili gari ling'ae siku ya ukaguzi. Hung'aa kweli, na baada ya kuoshwa mara moja mikwaruzo yote hurudi mahali pake.

Kompaundi huondoa mkwaruzo kwa kupunguza klia iliyouzunguka. Kwa hiyo haifanywi kila mwezi, wala haisuguliwi kwa nguvu kwenye kona za milango na kingo za boneti, ambako klia huwa nyembamba. Tarehe ya kazi iandikwe katika daftari la gari, pamoja na sehemu zilizosuguliwa, ili dereva ajaye ajue klia imekwisha kupunguzwa mara ngapi.