Shaba ya Theseus na Shaba ya Askari

Jioni hii nataka kunena habari za sanamu za shaba, yaani shaba iliyoyeyushwa pamoja na bati.

Mwaka 1843 Mfaransa Antoine-Louis Barye alifinyanga sanamu ya Theseus, shujaa wa hadithi za Wayunani wa kale, akipigana na Minotaur, jitu lenye kichwa cha fahali. Kutoka katika mfano ule ziliweza kumiminwa nakala nyingi, za kuwekwa nyumbani. Theseus ameinua upanga, lakini usoni hana hasira hata kidogo. Kwangu hiyo ndiyo sifa kuu ya kazi ile.

Ninyi mkaao Temeke na Kinondoni, mwendapo mjini huiona shaba yetu wenyewe, Askari, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, iliyosimamishwa mwaka 1927 pale ilipokuwapo sanamu ya Mjerumani Wissmann. Singe ya bunduki yake yaelekea bandarini. Theseus hakuishi ila hadithini, naye ana jina. Askari ni mfano wa watu walioishi kweli, wala hana jina. Hata hivyo amepata mwili. Maandishi yaliyo chini yake, kwa Kiswahili na Kiingereza, yawataja wapagazi pia, ambao walikufa maelfu kwa maelfu, wengi kwa maradhi. Kule Nairobi mpagazi amesimama pamoja na askari. Hapa Dar es Salaam hayupo. Mtamkuta katika jina la Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi hao hao.