Aitunzaye Taa



Kila mwaka wanafunzi wa uhandisi hutoka vyuoni kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, ambayo wenyewe huyaita fildi. Wengine hupelekwa kwenye umeme wa maji, wengine kwenye umeme wa jua. Mkoa wetu wa Pwani unayo mifano mikubwa. Bwawa la Julius Nyerere, katika Mto Rufiji, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Mitambo yake 9, kila mmoja wa megawati 235, ina uwezo wa megawati 2,115. Kijana akiuona ukubwa huo, aweza kudhani kwamba uhandisi ni kujenga tu.

Lakini tumfikirie mwenzake aliyepangiwa umeme wa jua katika zahanati ya kijiji, kama hivi vyetu vya Janga. Darasani alijifunza kwamba paneli ya wati 100, ikipata jua kali kwa saa 5, hutoa wati-saa 500. Taa 4 za wati 10, zikiwaka saa 5, hutumia 200 tu. Hesabu imetimia. Anapofika, anakuta betri imekufa, na mama anajifungua kwa mwanga wa tochi.

Kwa nini? Iliongezwa luninga ya wati 60, ikawashwa saa 6 kila siku: hizo ni wati-saa 360. Jumla yakawa matumizi ya 560. Kila usiku betri ilitoa kuliko ilivyopokea. Tena mwembe umekua na kuitia paneli kivuli, vumbi halikufutwa, na maji ya betri hayakuongezwa, kwa kuwa hakuna aliyeagizwa kufanya hivyo. Aliyefunga mitambo alisifiwa, akaenda zake.

Ndugu wapendwa, katika mfano wa wanawali kumi, Bwana wetu hasemi kwamba watano walikosa taa. Wote kumi walikuwa nazo. Tofauti ilikuwa mafuta, yaani matayarisho ya mtu aliyejua kwamba usiku ni mrefu. Vivyo hivyo, kupata taa ni jambo moja, na kuitunza ni jambo jingine.

Basi, enyi vijana wetu, msihesabu mafunzo yenu kwa vyeti tu. Kabla ya kuondoka kijijini, mfundisheni mlinzi au muuguzi kufuta paneli na kuangalia maji ya betri. Andikeni ukutani, kwa Kiswahili chepesi, ni vyombo gani vinavyoruhusiwa. Msidharau maswali yake; yeye ndiye atakayebaki na taa hiyo usiku.

Nasi wazee na kamati za vijiji, tumpokee mwanafunzi huyo kama mwana wetu, tumweleze ukweli wa matumizi yetu, wala tusione haya kufundishwa na mdogo. Tuteue mtunzaji anayejulikana kwa jina. Tuanze kuweka akiba ya betri mpya siku ile ile ya kwanza, maana kila betri ina mwisho wake. Na ile luninga tuiondoe, ili mama apate mwanga.

Mwenyezi Mungu atujalie uaminifu katika mambo madogo. Amina.